Timu ya netiboli iliyolipiwa na mji wa wafugaji: Tarime na Serengeti zijifunze nini?

KILA unapofika msimu wa michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, wasichana wa Tarime na Serengeti huchujwa kiwanja kwa kiwanja. Wanaanza shuleni, wanakwenda kata, wanakwenda wilaya, na wachache wanaobaki huvaa jezi ya mkoa wa Mara na kupanda basi.

Safari zenyewe si fupi. Mwaka 2019 na mwaka 2021 mashindano hayo yalifanyika Mtwara, upande wa pili wa nchi. Mwaka 2022 yalihamia Tabora.

Kisha basi linarudi. Jezi zinakusanywa, kambi inavunjwa na timu ya mkoa inakuwa imekwisha hadi mwaka unaofuata. Mfungaji aliyewasumbua walinzi wa mikoa mingine anarudi kijijini kulima na kuchota maji. Akimaliza kidato cha nne bila kuchaguliwa kuendelea, mpira wa pete kwake umefika mwisho akiwa na miaka 17 au 18.

Wapenzi wa michezo wamezoea kusema kwamba kinachokosekana ni vipaji, au makocha, au moyo wa viongozi. Lakini swali la kwanza si la kocha. Ni swali ambalo mkulima na mfanyabiashara mdogo wanalijua vizuri kuliko mtu mwingine yeyote: gharama hizi analipa nani, na mwakani atalipa nani?

Timu ya michezo haina tofauti kubwa na shamba. Ina pembejeo, ina msimu, ina mavuno yasiyo na uhakika na ina hesabu ambayo lazima ifungwe. Shamba lisilo na mtu wa kununua mbegu mwakani halihesabiwi kuwa shamba, hata kama mwaka huu limetoa magunia mengi.

Ipo sehemu moja ya wakulima na wafugaji, mbali sana na Mara, ambayo iliwahi kulijibu swali hilo vizuri. Kwa miaka 10 ilikuwa na timu ya netiboli iliyowashinda wenye miji mikubwa. Kisha timu hiyo ikafutwa, tena ikiwa bingwa. Historia yake ina mambo ya kuigwa na mambo ya kuogopwa.

Mkoa wa kondoo na maziwa

Sehemu hiyo ni Southland, mkoa ulio kusini kabisa mwa New Zealand. Mji wake mkubwa ni Invercargill, wenye wakazi wapatao 50,000. Ni mji ambao ungeweza kuingia mara nyingi ndani ya jiji la Auckland, ambako ndiko kwenye fedha na makampuni makubwa ya nchi hiyo.

Southland huishi kwa mifugo. Kwa miaka mingi kondoo ndio waliobeba uchumi wake, kwa nyama na sufu. Wakulima wa huko walianzisha ushirika wao wa kuchinja na kuuza nyama, uitwao Alliance, mwaka 1948. Baadaye mashamba mengi ya kondoo yaligeuzwa kuwa ya ng'ombe wa maziwa.

Maisha hayakuwa rahisi. Kuanzia mwaka 1984 serikali ya New Zealand iliondoa ruzuku za kilimo karibu zote kwa mkupuo. Bei ya kondoo na thamani ya mashamba zilianguka, na familia nyingi zikabaki na madeni ya benki. Katika miaka ya 1990 vijana waliondoka kutafuta kazi kwingine, na idadi ya watu wa Invercargill ikapungua.

Mkulima wa pamba wa Serengeti aliyeona mambo yalivyobadilika mwaka 1994, biashara ya zao hilo ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, hatahitaji kuelezwa sana hali hiyo. Ni hali ya kuamka asubuhi na kukuta kanuni za soko si zile za jana.

Katika kipindi hicho, mwaka 1998, New Zealand ilianzisha ligi mpya ya netiboli ya taifa. Timu zilikuwa 10, kila moja ikibeba eneo lake. Southland iliingiza timu iliyoitwa Southern Sting, jina lenye maana ya mwiba wa nyuki wa kusini.

Mataji saba

Mwaka wa kwanza Sting ilifika fainali na kufungwa na jirani zake, Otago Rebels. Baada ya hapo haikusimama. Ilitwaa ubingwa mwaka 1999, ikautetea mwaka hadi mwaka, na ilipofika 2004 ilikuwa imechukua mataji sita mfululizo.

Mwaka 2005 na 2006 ubingwa ulikwenda kwa Magic, timu ya maeneo ya Waikato na Bay of Plenty, ambayo nayo ni maeneo ya ng'ombe wa maziwa. Mwaka 2007 Sting ililirudisha kombe kusini. Kwa jumla ni mataji saba katika misimu 10, yote chini ya kocha mmoja, Robyn Broughton.

Timu hiyo haikuwa ya wasichana wa huko peke yao. Ilivuta wachezaji wa timu ya taifa kutoka nje ya mkoa, akiwamo nahodha wa New Zealand, Bernice Mene. Alikuwapo pia Donna Loffhagen, mchezaji wa aina yake, ambaye mbali na netiboli alicheza mpira wa kikapu wa kimataifa na kwenda Olimpiki ya Athens mwaka 2004.

Kilichowashangaza watu wa miji mikubwa ni mashabiki. Tiketi za Sting ziligombewa kwa foleni, na ukumbi ulijaa mechi baada ya mechi. Katika mji wa watu 50,000, mechi ya netiboli ya wanawake ilikuwa ndiyo shughuli kubwa ya wiki.

Fedha ilitoka wapi?

Hapa ndipo penye somo. Sting haikuwa na tajiri mmoja. Ilisimama juu ya mambo matatu, na yote yalikuwa ya hapo hapo.

La kwanza ni kiingilio. Ukumbi uliojaa ni fedha taslimu, na ni fedha inayojirudia. Shabiki aliyenunua tiketi ya msimu mzima alikuwa ameilipa timu kabla mpira haujarushwa, sawa na mteja anayelipia maziwa ya mwezi mzima tarehe mosi.

La pili ni jengo. Mwaka 2000 ulifunguliwa ukumbi mkubwa wa michezo, Stadium Southland, unaomilikiwa na mfuko wa wadhamini kwa niaba ya jamii. Timu haikuwa mpangaji wa mtu binafsi anayeweza kupandisha kodi akiona watu wamejaa.

La tatu ndilo la kipekee zaidi. Mji wa Invercargill ulikuwa umepiga marufuku uuzaji wa pombe tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Wakazi walipopiga kura ya kuirudisha, biashara hiyo haikuachiwa watu binafsi. Mwaka 1944 iliundwa taasisi ya umma, Invercargill Licensing Trust, ikapewa peke yake haki ya kuuza pombe mjini. Faida yake hurudi kwa jamii: shule, vikundi, michezo na majengo.

Kwa maneno mengine, fedha ya mnywaji haikuondoka mjini. Ilizunguka na kurudi kama kiwanja, kama basi la wanafunzi, kama sakafu ya netiboli. Bodi ya taasisi hiyo huchaguliwa na wakazi wenyewe kwa kura.

Mchumi akiulizwa siri ya Sting atasema hivi: timu ilikuwa na walipaji wengi, wote wa karibu, na hakuna hata mmoja ambaye akijitoa timu inakufa siku hiyo hiyo.

Bingwa aliyefutwa

Pamoja na hayo yote, Southern Sting haipo tena. Msimu wa 2007, aliochukua ubingwa wa saba, ndio uliokuwa wa mwisho.

Haikufa kwa njaa. Vyama vya netiboli vya New Zealand na Australia viliamua kuunganisha ligi zao kuanzia mwaka 2008. Kila nchi ilipewa nafasi tano. New Zealand wakati huo ilikuwa na timu nane katika ligi yake, hivyo ilibidi baadhi ziungane.

Southland iliunganishwa na jirani na mpinzani wake wa zamani, Otago. Sting na Rebels zote mbili zikafutwa, na mahali pake ikazaliwa timu moja, Southern Steel, inayogawana mechi za nyumbani kati ya Invercargill na Dunedin.

Kwa wakulima wa Tanzania hilo linakumbusha mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa kwa uamuzi wa serikali. Vilikuwamo vibovu na vilikuwamo vizuri. Mwanachama hakuulizwa. Vyama vilirejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini majengo, mitambo na hasa imani ya wanachama havikurudi vyote.

Tofauti ni kwamba kusini mwa New Zealand kilichofutwa kilikuwa jina. Ukumbi ulibaki mali ya jamii, taasisi ya mji ilibaki, mashabiki walibaki, kocha Broughton naye akaendelea na timu mpya. Hata paa la ukumbi lilipoporomoka kwa uzito wa theluji Septemba 2010, ulijengwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2014.

Matokeo yake yalionekana. Ligi ya nchi mbili ilipovunjika baada ya msimu wa 2016, New Zealand ikarudi kwenye ligi yake, na Steel ikawa bingwa mwaka 2017 bila kupoteza mchezo hata mmoja. Mwaka 2018 ikatwaa tena.

Ng'ambo ya bahari, Australia, mambo yalikwenda kinyume. Collingwood, klabu tajiri ya mpira wa miguu wa Kiaustralia mjini Melbourne, ilianzisha timu ya netiboli iliyoingia ligi mwaka 2017. Fedha ilikuwapo, wachezaji wakubwa walikuwapo. Mwaka 2023 klabu ilitangaza kujitoa, na timu ikafungwa mwisho wa msimu huo huo. Mlipaji alikuwa mmoja. Alipohesabu na kuona hailipi, hapakuwa na mwingine wa kuishika.

Nyumbani: timu za mwajiri

Tanzania tuliijenga netiboli kwa njia ya mwajiri. Majina yanayokumbukwa ni ya taasisi: Bima, Bandari, Jeshi Stars, JKT Mbweni, Magereza, Uhamiaji. Msichana mwenye kipaji alichukuliwa, akapewa kazi au mafunzo ya jeshi, na timu ikapata mchezaji.

Utaratibu huo ulisaidia wengi. Mchezaji alipata mshahara, matibabu na mahali pa kulala. Uganda nao walifanya vivyo hivyo: klabu ya shirika lao la bima, NIC, ndiyo iliyomlea Peace Proscovia kutoka Arua kabla hajakwenda Uingereza mwaka 2015 kucheza kwa malipo. Uganda ilishika nafasi ya tano katika Kombe la Dunia la mwaka 2023 mjini Cape Town.

Lakini timu ya mwajiri ina kasoro mbili kwa mtu wa Tarime au Mugumu. Kwanza, makao ya waajiri hao yapo Dar es Salaam, Zanzibar, Morogoro na miji mingine mikubwa. Kipaji kinaondoka wilayani kama kahawa isiyokobolewa: thamani yote inaongezwa mahali pengine.

Pili, shirika likiyumba timu inayumba nalo. Mashirika ya umma yalipobinafsishwa au kufungwa miaka ya 1990, timu nyingi za michezo zilikwenda nayo.

Mfano mzuri upo jirani, Mwanza. Pamba, timu ya soka iliyolelewa na zao la pamba, ilikuwa miongoni mwa vigogo vya nchi mwishoni mwa miaka ya 1980. Zao lilipoyumba nayo ikashuka, na ikakaa nje ya ligi kuu kwa zaidi ya miaka 20. Iliporejea mwaka 2024 ilikuja kwa jina la Pamba Jiji, ikiwa mikononi mwa halmashauri ya jiji.

Mara yenyewe ina kumbukumbu yake chungu. Biashara United ya Musoma ilipanda ligi kuu mwaka 2018 na mwaka 2021 ikaiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho Afrika. Iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 katika mchezo wa kwanza. Mchezo wa marudiano haikusafiri kwenda kuucheza, ikatolewa. Mwaka 2022 ikashuka daraja.

Timu iliyoshinda uwanjani ilitolewa na safari. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuwa na wachezaji na kuwa na bajeti.

Fedha ipo wapi Tarime na Serengeti?

Wilaya hizi mbili si maskini kama wengi wanavyodhani. Tarime ina kahawa ya arabika, mahindi, ndizi, mihogo na tumbaku, na ina mpaka wa Sirari ambako malori na wafanyabiashara wa Kenya na Tanzania hupishana kila siku. Nyamongo kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002.

Serengeti ina pamba, mahindi na mifugo, na ina utalii. Vijiji vitano vikiwamo Robanda na Makundusi vinaunda Ikona, jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori inayopata mapato kutokana na hoteli na wawindaji.

Kwa sheria za serikali za mitaa, halmashauri hutoza kampuni ushuru wa huduma kutokana na mauzo. Kwa upande wa madini, marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yanaitaka kampuni iandae mpango wa kuhudumia jamii na kukubaliana nao na halmashauri. Kwa hiyo mlango wa kuomba kiwanja cha netiboli upo, tena upo kisheria.

Hata hivyo fedha ya mgodi itumike kwa akili. Dhahabu huisha. Inafaa kujenga kitu kinachobaki: sakafu ya saruji, nguzo, uzio, choo na chumba cha kubadilishia nguo. Haifai kulipa posho za kila mwezi, kwa sababu siku mgodi utakapofunga posho nazo zitakoma, na timu itakoma nazo.

Kiwanja chenyewe si kitu cha kutisha. Netiboli inahitaji urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, yaani mita za mraba zisizozidi 470. Ekari moja ingetosha viwanja vinane kwa hesabu ya eneo tupu. Nguzo mbili zenye urefu wa mita 3.05 na pete zake ni kazi ya fundi wa kuchomelea wa mjini Tarime au Mugumu.

Hesabu ya msimu

Gharama za kuendesha timu ndizo zinazopaswa kutoka kwa wenyeji. Ufuatao ni mfano wa hesabu tu. Kila wilaya iweke tarakimu zake za bei ya siku hiyo.

Chukulia timu ya watu 16: wachezaji 12, makocha wawili, meneja na mtu wa huduma ya kwanza. Msimu una mechi 10, tano nyumbani na tano ugenini katika mikoa ya jirani.

Safari moja ya ugenini ikigharimu Sh 700,000 kwa gari, na Sh 50,000 kwa kila mtu kwa chakula na malazi, jumla ni Sh 1,500,000. Safari tano ni Sh 7,500,000. Mechi ya nyumbani ikigharimu Sh 500,000 kwa waamuzi, ulinzi na maandalizi, mechi tano ni Sh 2,500,000.

Mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki 12, kila mtu akipewa chakula cha Sh 3,000, ni Sh 1,152,000. Jezi, viatu na mipira ikiwa Sh 1,500,000 na matibabu Sh 1,000,000, msimu mzima unakuwa Sh 13,652,000.

Sasa upande wa mapato. Chukulia chama cha msingi chenye wanachama 400, kila mmoja akiuza kilo 500 za zao lake. Hizo ni kilo 200,000. Wakikubaliana kuchangia Sh 10 kwa kilo, chama kimoja kinatoa Sh 2,000,000. Vyama sita vinatoa Sh 12,000,000. Mashabiki 800 wakilipa Sh 500 kila mmoja kwa mechi tano za nyumbani, zinaongezeka Sh 2,000,000.

Jumla ni Sh 14,000,000, na ziada ni Sh 348,000. Ni hesabu nyembamba, lakini inafunga. Mkulima wa kilo 500 atakuwa ametoa Sh 5,000 kwa msimu mzima.

Makato: jambo la kuogopa

Msomaji mkulima hapo atakuwa ameshakunja uso. Neno makato lina historia mbaya. Wapo waliokatwa fedha za mfuko huu na mfuko ule, na hawakuona hata bati moja.

Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake inajulikana. Kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, mkutano mkuu wa wanachama ndicho chombo cha juu cha chama. Mchango wa timu upitishwe huko kwa kura, uandikwe kwenye stakabadhi ya malipo kwa jina lake, uwe wa msimu mmoja tu na upigiwe kura upya kila mwaka baada ya hesabu kusomwa.

Wanachama wakikataa mwaka wa pili, wamekataa. Timu itakayowashawishi wakulima kila mwaka kwa hesabu safi ni imara kuliko timu inayotegemea barua kutoka ofisini.

Jambo la pili la kuogopa ni mfadhili wa msimu wa uchaguzi. Jezi zenye picha ya mgombea hupendeza Septemba. Machi hakuna wa kununua mpira. Zawadi ipokelewe kwa shukrani, lakini isiingizwe kwenye bajeti kama mapato ya kila mwaka.

Jambo la tatu ni jina na mali. Yaliyoipata Sting yanaonyesha kwamba ligi inaweza kubadilishwa na watu walio mbali. Kiwanja, mipira na akaunti ya benki viwe mali ya chombo kilichosajiliwa wilayani, si mali ya chama cha mkoa wala ya mtu. Hapo hata timu ikiunganishwa au kubadilishwa jina, wilaya haianzi upya na mikono mitupu.

Faida kwa mwenye genge

Wafanyabiashara wadogo wana sababu yao ya kuitaka timu. Watu 800 waliokusanyika jioni moja ni soko. Wapo wanaouza mahindi ya kuchoma, chai na mandazi, maji, vocha za simu, na wapo wenye bodaboda. Mechi ikipangwa siku ya mnada, mtu aliyeleta ng'ombe Mugumu asubuhi atabaki mjini hadi jioni, na fedha yake itabaki naye.

Timu ikinunua chakula cha mazoezi kwa mama lishe wa karibu na kushona jezi kwa fundi wa hapo, sehemu kubwa ya zile Sh milioni 13 hairuki nje ya wilaya.

Kuna faida nyingine isiyoingia kwenye daftari la mapato. Katika baadhi ya koo za Wakurya, msimu wa ukeketaji huangukia likizo ya Desemba. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini msimu ukifika wapo wanaolazimika kukimbia nyumbani. Kituo cha Masanga wilayani Tarime na nyumba salama iliyopo Mugumu vimekuwa vikiwapokea.

Mpira wa pete hauwezi kufanya kazi ya sheria wala ya wazazi. Lakini timu yenye kambi Desemba, inayolipiwa na wazazi wenyewe kupitia mazao yao, inampa msichana mahali halali pa kuwa, na inampa baba yake sababu ya kujivunia binti asiye na haraka ya kuolewa. Baba aliyechangia Sh 5,000 atakwenda kuangalia fedha yake inafanya nini uwanjani.

Kuanza na kidogo

Hakuna haja ya kuanza na mechi 10. Tarime na Serengeti zinaweza kuanza na mechi mbili kwa mwaka, moja Tarime na moja Mugumu, baada ya mavuno, kwa wachezaji waliomaliza shule. Hesabu za mechi hizo zibandikwe ukutani kwenye ofisi za vyama vya msingi ili kila mwanachama azione.

Mwaka wa kwanza ukifunga bila deni, mwaka wa pili waongezwe Rorya na Bunda. Hivyo ndivyo mkulima makini anavyolima: anaanza na robo ekari, anapima mavuno, ndipo anapanua.

Southland haikuwa na mgodi wa dhahabu wakati wa Sting. Ilikuwa na kondoo, ng'ombe, mvua nyingi na mji ambao vijana wake walikuwa wanaondoka. Ilichofanya ni kuhakikisha kwamba fedha inayopita mikononi mwa wenyeji inaacha kitu kabla ya kwenda.

Wasichana wanaopanda basi la mkoa kila mwaka wameshafanya sehemu yao. Mkutano mkuu wa chama cha msingi unaofuata utakuwa na ajenda nyingi: bei, pembejeo, madeni. Mwanachama mmoja akinyoosha mkono kwenye mengineyo na kuuliza habari ya Sh 10 kwa kilo, mjadala utakuwa umeanza mahali panapostahili.